HAKI YA KARATASINI NA HAKI YA MKONONI

Siku hizi elimu ya haki za binadamu imeenea. Iko katika vyuo vikuu, iko katika semina za siku mbili, iko katika vijitabu vinavyogawiwa bure na katika mabango yanayobandikwa kwenye kuta za ofisi. Kijana akimaliza masomo yake ya sheria hukutajia mikataba ya kimataifa kwa tarehe zake, kama mtoto wa madrasa anavyotaja majina ya sura. Hilo ni jema, wala hatukuja hapa kulibeza. Lakini elimu yoyote hupimwa mahali inapotumika. Elimu ya tiba hupimwa kwa mgonjwa, elimu ya ubaharia hupimwa kwa mawimbi, na elimu ya haki hupimwa kwa mtu aliyenyang'anywa haki yake, ambaye hana mjomba wala shangazi wa kumsemea.

Sisi tumekusudia kuipima mahali pamoja tu, nako ni Tunduma, katika mkoa wa Songwe, ambao mwaka 2016 ulikatwa kutoka mkoa wa Mbeya. Msomaji wa Unguja au Tanga au Mombasa huenda akauliza: Tunduma yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Jawabu ni kwamba yatuhusu zaidi kuliko tudhaniavyo. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo iliyoiweka Zanzibar mikononi mwa Waingereza, na karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyopitisha mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, pale ulipo leo mpaka wa Tunduma. Waliopiga mstari huo hawakuwauliza Wanyamwanga, ambao hata leo wako pande zote mbili, huku Tanzania na kule Nakonde, Zambia. Ndugu wa baba mmoja wakaamka asubuhi, huyu raia wa Mdachi na yule raia wa Mwingereza.

Tena bidhaa zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam, zikielekea Zambia na Kongo, hupita hapo. Reli ya TAZARA yapita hapo. Watoto wetu walio madereva na matingo hulala hapo katika foleni za malori. Tangu mwaka 2019 kuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa na marais wawili, ambapo afisa wa nchi moja hufanya kazi yake akiwa ndani ya ardhi ya nchi nyingine. Na wapita njia si wafanyabiashara tu. Wapo vijana wa Kihabeshi na wa Kisomali wanaoitafuta Afrika Kusini, waliokwisha kuwalipa madalali wa safari kila walichonacho. Wengine wao hawafiki popote. Mwezi Juni 2012 maiti za Wahabeshi zaidi ya 40 zilikutwa Dodoma, watu waliokufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Mwezi Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji.

Basi hapo ndipo tunapomwita mwanafunzi wa haki za binadamu, tumwambie: njoo na vitabu vyako, utuonyeshe.

Atakuja navyo. Ataanza na Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, lililosema kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na uraia, wala hanyang'anywi uraia huo kwa jeuri. Atafuata na Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976. Ataleta Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, Tanzania ikauridhia mwaka 1984. Atatuonyesha kifungu cha 12 cha Mkataba huo, kinachokataza kuwafukuza wageni kwa makundi, na kifungu cha 7, kinachompa kila mtu haki ya kusikilizwa. Kisha atafungua Katiba ya Tanzania yenyewe, ambayo mwaka 1984 iliingizwa sura ya haki, na kuanzia mwaka 1988 mwananchi akaweza kuidai sura hiyo mahakamani.

Yote hayo ni kweli. Lakini kasoro ya elimu hii huanza hapa, kwa sababu wengi hukomea hapa. Mwanafunzi amefundishwa haki ni ipi, hakufundishwa ishikwe vipi. Amefundishwa jina la nyumba, hakuonyeshwa mlango. Na mnyonge aliye nje usiku wa mvua hana haja ya kuambiwa jina la nyumba.

Ili tusiseme kwa kukisia, natuchukue hukumu moja tuisome kama tunavyosoma kitabu, tuone uzuri wake na upungufu wake. Nayo ni hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, katika dai la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, iliyotolewa tarehe 22 Machi 2018. Mpaka unaotajwa humo ni wa Sirari, upande wa Kenya, si wa Tunduma. Lakini mpaka ni mpaka, na lililomfika mtu Sirari laweza kumfika mwingine Tunduma kesho.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtu huyu alisema kwamba amezaliwa Tanzania mwaka 1979. Alikuwa na hati za serikali, pasipoti ikiwamo. Mwaka 2012 alikwenda kituo cha polisi cha Babati kwa shughuli ya taratibu za ndoa yake. Ndoa, ndugu msomaji! Alikwenda kutafuta kheri akarudi bila ya nchi. Maafisa waliutilia shaka uraia wake, pasipoti ikachukuliwa. Mwaka 2014 akafukuzwa kupelekwa Kenya. Kenya nao wakasema huyu si wetu, wakamrudisha. Tanzania haikumpokea. Akabaki katika kipande cha ardhi kilicho kati ya nchi mbili, mahali ambapo hapana diwani, hapana zahanati, wala hapana wa kumuuliza amekula nini. Mwezi Mei 2015 akapeleka dai lake Arusha.

Sasa tazama uzuri wa hukumu. Jambo la kwanza ambalo majaji walilitazama ni hili: nani alete ushahidi? Serikali ilikuwa ikimtaka yeye athibitishe kwamba ni raia. Mahakama ikasema, maadamu mtu huyu anazo hati zilizotolewa na serikali yenyewe, na serikali ndiyo inayokana, basi mzigo wa kuthibitisha uko juu ya serikali. Na kwa kuwa maelezo ya mashahidi juu ya wazazi wake yalipingana, palikuwapo njia ya kipimo cha vinasaba, na haikutumiwa.

Msomaji aliyesoma fiqhi kidogo hataliona jambo hili kuwa geni. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba ushahidi ni juu ya mdai, na kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Mtu aliyeishi na hati ya nchi miaka na miaka, hali yake iliyo dhahiri ni uraia. Anayetaka kuiondoa hali hiyo ndiye mdai, hata akiwa amekaa kwenye kiti cha serikali na amevaa sare. Kanuni hii ni ndogo kuitamka, lakini ndiyo nusu ya haki. Kwani maskini hushindwa kesi nyingi si kwa kuwa na makosa, bali kwa kutakiwa alete karatasi ambayo hakuwahi kupewa, ya babu ambaye alizaliwa kabla ya masijala kujengwa.

Jambo la pili zuri ni kwamba hukumu haikuishia kulaumu. Ilisema kwa uwazi kwamba kumnyang'anya mtu huyu uraia kulikuwa ni jeuri, kwamba kumfukuza kulikuwa ni jeuri, na kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Kisha ikashika mzizi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimpa Waziri neno la mwisho, lisilokatiwa rufani. Mahakama ikaiamuru Tanzania irekebishe sheria yake ili mtu ambaye uraia wake unabishwa apate pa kwenda kushitaki. Na ikaamuru hatua zote zichukuliwe ili aruhusiwe kurudi katika ardhi ya nchi, na taarifa ipelekwe katika muda wa siku 45.

Huo ndio uzuri wake. Ama upungufu, nao upo, na mwenye kuipenda haki hana budi kuusema.

Upungufu wa kwanza ni muda. Dai lilipelekwa Mei 2015, hukumu ikatoka Machi 2018. Huko ni karibu miaka mitatu. Kwa mtu aliye nyumbani kwake miaka mitatu ni kusubiri. Kwa mtu aliye kati ya nchi mbili miaka mitatu ni umri. Haki inayofika baada ya miaka mitatu ni kama dawa iliyoletwa matangani.

Upungufu wa pili ni lugha. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Kesi ya Mtanzania, iliyoamuliwa Arusha, juu ya jambo lililotokea Babati na Sirari, imeandikwa kwa lugha ambazo wengi wa watu wa Babati na Sirari hawazisomi. Tangu Februari 2022 Umoja wa Afrika umekikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi, na Tanzania yenyewe ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Basi yatupasa kudai kwamba hukumu kama hii isomeke mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Hukumu isiyosomeka na yule inayomlinda ni kama barua iliyopelekwa kwa jirani.

Upungufu wa tatu ndio mkubwa, nao si wa majaji peke yao. Mahakama hii haina askari, haina dalali wa kukamata mali, haina jela. Inaamuru, inasubiri taarifa, na isipotii nchi, inapeleka habari kwenye vikao vya Umoja wa Afrika, yaani kwa wakubwa wa nchi zile zile. Taarifa za Mahakama zenyewe zimekuwa zikieleza mwaka baada ya mwaka kwamba hukumu zinazotekelezwa kwa ukamilifu ni chache. Hapo ndipo mwanafunzi wetu hukunja kitabu, akasema: basi sheria ya kimataifa ni maneno matupu.

La, usikimbilie huko. Tazama jambo moja la ajabu. Ingekuwa ni maneno matupu, nani angeyaogopa? Tanzania ilitoa tamko mwaka 2010 la kuwaruhusu watu binafsi na jumuiya wafungue madai moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Arusha. Watu wakamiminika, wengi wao wafungwa, na Tanzania ikawa ndiyo nchi iliyoshitakiwa mara nyingi zaidi. Mwezi Novemba 2019 serikali ikaliondoa tamko lile, ikieleza kwamba lilikuwa likitumiwa kinyume cha masharti iliyoyaweka. Kuondoka huko kukatimia Novemba 2020. Rwanda ilikwisha kutangulia mwaka 2016, na Benin na Kodivaa zikafuata mwaka 2020. Mahakama imebaki Arusha na bendera zake, lakini Mtanzania anayepita mbele ya lango lake hawezi tena kuingia kwa miguu yake mwenyewe na dai jipya. Wenye haki ya kusema kwamba masharti yalivunjwa na waseme. Lakini dawa ya mlango unaotumiwa vibaya ni bawabu mwema, si kufuli.

Na hili si la Arusha tu. Jumuiya ya nchi za kusini, SADC, ambayo Tanzania na Zambia zote ni wanachama, ilikuwa na mahakama yake Windhoek. Mwaka 2008 mahakama hiyo iliihukumu Zimbabwe katika kesi ya wakulima Wazungu walionyang'anywa mashamba. Mwaka 2010 wakuu wa nchi wakaisimamisha, na mwaka 2014 wakapitisha itifaki mpya inayoacha kesi za nchi kwa nchi tu. Sasa simama Tunduma uhesabu hatua. Ukiwa upande huu, wewe mkazi wa nchi ya Afrika Mashariki waweza kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo iko Arusha. Ukivuka ukakaa Nakonde, umetoka katika mkono wa mahakama hiyo, na ile ya kusini kwako imefungwa.

Sasa tujiulize: ni milango gani iliyobaki wazi? Hili ndilo somo ambalo kila chuo kingepaswa kulianza nalo, nalo halihitaji shahada kulielewa.

Kwanza ni mahakama za nyumbani. Mahakama Kuu ya Tanzania husikiliza madai ya haki za msingi kwa sheria ya mwaka 1994. Lakini mwaka 2020 sheria hiyo ilibadilishwa, na sasa mwenye kudai sharti aonyeshe kwamba jambo lile limemgusa yeye mwenyewe. Maana yake ni kwamba jumuiya yenye mawakili haiwezi kirahisi kumsemea Mhabeshi aliye korokoroni Tunduma. Sharti yeye mwenyewe aseme, kwa lugha asiyoijua, katika nchi asiyomjua mtu.

Pili ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Sifa yake ni kwamba haikutaki umalize kwanza mahakama za nyumbani. Lakini ina sharti moja linalowaangusha wengi: dai lifike ndani ya miezi miwili tangu jambo lilipotokea au ulipolijua. Miezi miwili! Huo ni muda ambao wengi wetu huutumia kutafuta mtu wa kutujulisha kwa mkubwa.

Tatu ni Tume ya Afrika, iliyoko Banjul, Gambia. Hiyo haikufungwa. Yataka kwanza njia za nyumbani ziwe zimekwisha au hazina maana, na maamuzi yake ni mapendekezo. Lakini historia yake yatugusa hapa mpakani kabisa. Mwaka 1992 Zambia iliwafukuza watu 517 wa Afrika ya Magharibi. Dai likapelekwa, na mwaka 1996 Tume ikaamua kwamba kuwafukuza watu kwa kundi bila kumsikiliza kila mmoja ni kuuvunja Mkataba. Mwaka 1994 Zambia hiyo hiyo iliwafukuza wanasiasa wawili, William Banda na John Chinula, ikawatupa Malawi ikisema ni Wamalawi. Mwaka 1999 Tume ikasema hilo halikuwa halali. Chinula alikuwa amekwisha kufa. Na mwaka huo huo wa 1999 Mahakama Kuu ya Zambia ikamtangaza Kenneth Kaunda, aliyeiongoza nchi ile miaka 27, kuwa si raia. Baadaye alirudishiwa hadhi yake. Lakini wewe tafakari: ikiwa baba wa taifa aliweza kulala hana nchi, muuza vitumbua wa mpakani ajitumaini kwa nini?

Nne ni kamati za Umoja wa Mataifa huko Geneva. Hapa pana jambo wengi hawalijui. Mtanzania hawezi kupeleka malalamiko yake kwenye Kamati ya Haki za Binadamu, kwa sababu nchi haikuingia katika itifaki yake. Lakini Tanzania iliingia katika itifaki ya haki za wanawake na ya haki za watu wenye ulemavu. Kwa mlango wa kwanza walipita wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa urithi kwa sheria ya mila, na mwaka 2015 kamati ikaamua kwamba wamedhulumiwa. Kwa mlango wa pili wamepita watu wenye ualbino waliokatwa viungo. Kwa hiyo mwanamke aliyenyang'anywa haki yake Tunduma anao mlango ambao mumewe hana. Mwalimu asiyemwambia mwanafunzi wake jambo hili amemfundisha nini?

Ndugu msomaji, sasa natugeuke kwetu wenyewe, maana lawama isiyofika nyumbani ni umbea.

Katika barza zetu, ukitajwa msamiati huu wa haki za binadamu, husikika sauti mbili. Ya kwanza yasema: hayo ni mambo ya Wazungu, waliotutawala kwa bunduki kisha wakaja kutufundisha adabu. Ya pili yasema: sisi haki hizo tunazo tangu karne kumi na nne, hatuna haja ya kufundishwa; na tena nchi za Kiislamu zilitoa tangazo lao Cairo mwaka 1990. Sauti ya kwanza ina ukweli ndani yake, na ya pili ina ukweli zaidi. Lakini zote mbili hufanya kosa moja na lile la mwanafunzi wetu. Zote zinazungumzia karatasi ni ya nani, na hakuna inayouliza: aliyedhulumiwa leo ashikwe mkono na nani?

Sote twaijua habari ya Hilful-Fudhul. Mfanyabiashara wa Zabid, Yemen, aliingia Makka na bidhaa yake, akainunua Al-As bin Wail, mkubwa wa Kikureshi, kisha akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na kabila Makka. Akapanda jabali la Abu Qubays akalia mbele ya watu. Hapo baadhi ya koo za Makka zikakutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mdhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Mtume (s.a.w.) alikuwapo, kijana kabla ya utume, na baada ya utume alikisifu kiapo kile, akasema kwamba lau angeitiwa mfano wake katika Uislamu angeitika.

Mara nyingi tunaitaja habari hii kwa kujifakhirisha, na tunaisahau sehemu yake ya mwisho. Watu wale walipokwisha kuapa hawakutawanyika kwenda kulala. Walikwenda kwa Al-As, wakaitoa bidhaa mikononi mwake, wakamrudishia mwenyewe. Lau wangeapa tu, leo tusingekuwa na cha kusimulia. Tena waliofanya hivyo hawakuwa bado Waislamu, na aliyetetewa alikuwa mgeni. Asemaye basi kwamba hawezi kushirikiana na sheria iliyoandikwa na wasio ndugu zake katika dini, ili kumrudishia mnyonge chake, naatazame nani aliyekaa katika nyumba ile.

Wala mtu wa pwani asidhani kwamba shida ya uraia ni ya watu wa bara. Wapemba waliohamia Kenya na kuvua samaki Kwale na Kilifi kwa vizazi walikaa hawana nchi mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2023. Wanubi wa Kenya, Waislamu walioletwa na jeshi la Mwingereza, watoto wao walikwenda mbele ya kamati ya Afrika ya haki za mtoto, wakashinda mwaka 2011, na jumuiya yao ikashinda mbele ya Tume mwaka 2015. Hadi mwaka 2025 serikali ya Kenya ilipotangaza kuuondoa utaratibu huo, kijana Mwislamu wa Mombasa au Garissa akitaka kitambulisho alipelekwa mbele ya wazee kuhojiwa nasaba yake, na mwenzake wa bara hakuhojiwa. Hawa wote walikuwa na haki yao karatasini tangu mwaka 1948.

Walishindaje basi, wale walioshinda? Si kwa hotuba. Walishinda kwa watu waliokaa miaka mingi wakikusanya vyeti, wakiandika majina, wakihifadhi barua za kukataliwa, wakijua lini muda unakwisha na mlango upi unafuata ukifungwa huu. Utekelezaji wa sheria ya kimataifa hauanzi Geneva. Huanza katika bahasha iliyomo sandukuni mwa mama: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala ya pasipoti, risiti, jina la afisa na tarehe aliyoichukua hati. Dereva anayekwenda Tunduma bila ya nakala ya hati yake nyumbani ameiacha haki yake mfukoni mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo twawaambia walimu wa sheria: pungueni katika kuhesabu mikataba, zidisheni katika kufundisha milango. Mpeni mwanafunzi mtihani wa namna hii: Mnyamwanga mwenye mama wa Nakonde na baba wa Tunduma amenyang'anywa kitambulisho Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Aandike barua gani, kwa nani, kwa lugha gani, na kabla ya siku gani? Asiyeweza kujibu hilo hajasoma haki za binadamu, hata akiwa na shahada tatu.

Na twawaambia wenye madaraka: tamko lililoondolewa mwaka 2019 laweza kurudishwa kwa barua moja, kama lilivyoondolewa kwa barua moja. Nchi iliyowapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika haina sababu ya kuiogopa mahakama iliyo katika mji wake.

Na wewe msomaji, ambaye si mwalimu wala mwenye madaraka, usiseme huna lako. Mtaani kwako yupo mtu asiye na cheti, na kila siku yanaposemwa maneno ya kumbagua wewe umo barazani. Wale wa nyumba ya Ibn Jud'an hawakuwa wafalme. Walikuwa majirani tu, waliomsikia mgeni akilia juu ya jabali, wakaondoka kwenda kuutoa mkono wa Al-As.